Wizara ya Pengo

Ipo nchi moja, na anayetaka jina lake alitafute kwenye pasi yake ya kusafiria. Ni nchi ya neema. Ina wizara nyingi kuliko mito, na mito yenyewe si michache. Iliyopendwa kuliko zote ilikuwa Wizara ya Kuziba Pengo la Fedha za Utafiti wa Afya, ambayo wananchi, kwa kuogopa kuishiwa pumzi, waliita Wizara ya Pengo.

Pengo lenyewe lilikuwa jambo la kusikitisha. Wataalamu walikuwa wamepima wakasema kwamba magonjwa ya matajiri hufanyiwa utafiti mpaka yenyewe yanaona haya, ila magonjwa ya maskini hayana hata wa kuyajulia hali. Wakubwa wa nchi ile waliposikia walitoa machozi, wakayafuta, wakaunda wizara. Pengo likapata jengo la ghorofa, magari, madereva na Siku ya Pengo Kitaifa, ambapo wanafunzi walisimama juani wakiimba. Hakuna aliyekuwa na hakika kama nyimbo zile zililaani pengo au zililipongeza.

Wenye akili waligundua mapema kwamba siku pengo likizibwa, wizara nayo itafungwa. Tangu hapo lililindwa kama mboni ya jicho.

Sasa, katika nchi hiyo alikuwepo mwanamke mmoja, Daktari Zawena Mbwiga, aliyekuwa na kasoro moja kubwa: aliamini kwamba wizara ilikuwa na nia ya kufanya kile kilichoandikwa kwenye kibao chake cha getini. Alizaliwa katika Bonde la Kisukwa, kwenye mashamba ya mpunga, na baada ya kusoma sana alirudi huko huko, akafungua maabara pembeni ya wodi ya zahanati. Alitafiti ugonjwa mmoja tu, homa ya magoti. Homa hii huletwa na usubi, kidudu kidogo cha majarubani, kwenye vitalu vya mpunga, kinachouma jua likianza kuzama. Humwanza mtu magotini, magoti yakawaka moto asiweze kuinuka, kisha ikapanda taratibu, msimu mzima, mpaka kifuani. Wapo inaowaacha. Wengi haiwaachi. Na kwa kuwa huwapata wakulima wa mpunga, watu wasio na cha kununulia dawa, hapakuwa na kampuni duniani iliyojisumbua kujifunza jina lake.

Zawena alikuwa amepata dawa. Aliitoa kwenye magome ya mti mmoja wa bondeni, ikaponya panya, ikaponya na nyani. Kilichobaki ni kuijaribu kwa watu. Kwa hiyo alivaa gauni lake la harusi ya dada yake, lililokuwa zuri kuliko yote aliyokuwa nayo, akaenda mjini kumwona Waziri.

Waziri alikuwa Mheshimiwa Ngaluma, mtu mnene mwenye sauti ya upole, aliyezoea kufumba macho akisikiliza ili fikra zisimtoroke. Pembeni yake aliketi katibu wake, Bwana Pondeka, ambaye kazi yake ilikuwa kukubali kwa kichwa.

"Kwa hiyo," Mheshimiwa alisema, macho kayafumba, "nusu ya wagonjwa watakunywa dawa. Na nusu nyingine watakunywa nini?"

"Vidonge vya unga, Mheshimiwa. Vinafanana na dawa, lakini havina kitu ndani. Ndivyo tutakavyojua kama dawa inafanya kazi kweli."

"Na hivyo vya unga ni ghali?"

"Hata kidogo. Ni karibu na bure."

Mheshimiwa alifumbua macho. "Daktari, sisi ni nchi maskini. Hatuwezi kufanya yote kwa mkupuo mmoja. Lazima tuweke vipaumbele. Wizara itakufadhili nusu."

"Nusu ipi, Mheshimiwa?"

"Ile iliyo nafuu."

Zawena alicheka, maana alidhani ni mzaha wa wakubwa. Bwana Pondeka alikuwa ameshaita mpiga picha. Picha ikapigwa, Zawena akiwa bado na kicheko mdomoni, ikatoka magazetini na maneno chini yake: Mtafiti afurahia ufadhili.

Vidonge vya unga vikaja bondeni kwa lori, lori likisindikizwa na pikipiki za polisi. Zawena alipiga simu mjini kuuliza habari za nusu ya pili. Akaambiwa mwakani. Mwakani alipouliza, akaambiwa mwakani. Wizara ilitoa taarifa kwamba utafiti wa homa ya magoti umekamilika kwa asilimia hamsini bila kuvuka bajeti, na Mheshimiwa Ngaluma akaenda ng'ambo kupokea nishani ya ubunifu katika ufadhili. Zawena naye, kwa kukosa cha kuandika, aliandika makala katika jarida la kitabibu kueleza kwa uaminifu kabisa kwamba unga hauponyi homa ya magoti.

Halafu mama yake akaugua.

Bi Mwashamba alikuwa mpanda mpunga, mwanamke mrefu mwenye maneno machache. Alilala wodini kwa mwanawe, magoti yamevimba, jirani na rafiki yake wa shamba aitwaye Siwema aliyekuja kumuuguza. Zawena alishika sahani ya vidonge asijue la kufanya. Dawa ya kweli, ile ya panya na nyani, ilikuwa imekwisha, na mtambo wa kutengenezea nyingine ulikuwa ndani ya ile nusu isiyofadhiliwa.

"Mama, mimi siwezi kukudanganya. Hivi ni unga mtupu."

"Lete," alisema Bi Mwashamba. "Nimewalisha wali maisha yangu yote. Acha leo serikali nayo inilishe unga."

Alikufa mpunga ukiwa mbichi. Wizara ilituma shada la maua na Bwana Pondeka. Bwana Pondeka alisimama kando ya kaburi, viatu vyake vyeusi vikizama kwenye udongo, akasoma hotuba ya Waziri iliyomshukuru marehemu kwa mchango wake mkubwa katika kundi la unga. "Marehemu amelala," alimaliza, "lakini pengo halijalala."

Zawena hakulia pale makaburini. Alimtazama Bwana Pondeka mpaka Bwana Pondeka akakunja karatasi yake mara nyingi kuliko ilivyohitaji. Siku zote Zawena alitaka kitu kimoja tu duniani, dawa ya watu wa Kisukwa. Kuanzia siku hiyo alitaka viwili. Alitaka dawa, na alitaka watu hawa waumwe magoti.

Usimlaumu. Au mlaumu, ukipenda, lakini kwanza kamzike mama.

Kila mwaka Wizara ya Pengo ilifanya Kongamano la Pengo, na kila mwaka lilifanyika kwenye hoteli ya mjini yenye mabwawa ya kuogelea. Zawena alikwenda wizarani akapendekeza kwamba safari hii lifanyike Bonde la Kisukwa, kwa wenye ugonjwa wao.

"Kule kuna matope," alisema Bwana Pondeka.

"Kweli, Bwana Katibu. Na usubi pia. Kwa kanuni zenu yale ni mazingira magumu, na posho ya mazingira magumu ni mara mbili."

Bwana Pondeka aliinamisha kichwa kwa heshima, kama mtu aliyeadhiniwa masikioni.

Walikuja wengi kuliko kongamano lolote lililopita. Walikuja wajumbe, wajumbe wa akiba, na wataalamu wa mapengo ya wizara nyingine waliotaka kujifunza. Yalisimikwa mahema meupe juu ya majaruba yaliyokaushwa kwa ajili hiyo. Asubuhi ya ufunguzi Zawena alipewa nafasi ya kutoa neno la mwenyeji. Alishika kipaza sauti.

"Waheshimiwa, karibuni. Homa ya magoti huletwa na usubi. Usubi huuma jioni, jua likizama. Tafadhali jioni msikae nje. Ndani ya kila begi la mjumbe nimeweka chandarua. Kitumieni. Anayeumwa ugonjwa huu hana dawa, kwa sababu dawa haikufadhiliwa."

Wakampigia makofi mazito. Mjumbe mmoja aliinuka akapendekeza maneno yale yaingizwe kwenye maazimio, yakaingizwa. Vyandarua vilikunjwa vizuri vikawekwa kando kwa ajili ya wake na mashangazi nyumbani, maana vilivyomo kwenye begi la kongamano haviguswi mpaka mtu afike kwake.

Jioni ikaandaliwa karamu, nje, kando ya mfereji, kwa sababu bendi haikutosha ndani. Mheshimiwa Ngaluma alikuja amevaa kaptura, kuonyesha kwamba yuko karibu na wananchi. Alisimama mwanga wa machweo ukimwangaza mapaja, akahutubia.

"Ndugu wajumbe, pengo ni adui. Lakini adui huyu tumeishi naye, tumekula naye. Hatuwezi kumvamia kama wahuni. Wapo wanaosema tulizibe leo. Nawauliza, tukiliziba kwa haraka, tukaliziba vibaya, nani atalizibua? Pengo linahitaji subira. Pengo linahitaji utulivu wa mawazo." Hapo alijipiga kofi gotini, akaendelea. "Na pengo linahitaji kongamano lingine."

Zawena alikuwa ndani ya maabara yake, nyuma ya dirisha lenye wavu. Hakumdanganya mtu. Alikuwa amewaambia ukweli wote, kwa kipaza sauti. Sasa alikaa akawatazama wakijikuna na kucheka na kujikuna tena, na moyo wake ukatulia kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Muuguzi wake, Chiku, alimletea kikombe cha uji akamkuta anatabasamu peke yake.

"Daktari, tuwaite waingie ndani?"

"Tumeshawaambia, Chiku. Tumewaambia na wakatupigia makofi."

Usubi nao una itifaki zake. Wajumbe wengine uliwaachia vipele tu, wakarudi nyumbani na mabegi yao. Mgeni rasmi ndiye uliyemheshimu.

Mheshimiwa Ngaluma aliamka siku moja akiwa kwenye ghorofa yake mjini, akataka kuinuka, magoti yakakataa. Kwa mujibu wa utaratibu wa nchi ile, kiongozi akiumwa jino hupelekwa ng'ambo, akiumwa zaidi hupelekwa ng'ambo ya mbali. Akapelekwa ng'ambo ya mbali, pamoja na msafara, kwenye hospitali yenye sakafu inayong'aa kiasi cha mtu kuona aibu kuikanyaga. Madaktari wa kule walimpima kila mahali. Mkubwa wao akaja kitandani na uso wa huruma.

"Ugonjwa huu kwetu haupo, Mheshimiwa, kwa hiyo hatujapata kuutafiti. Tumetafuta katika maandiko yote. Dunia nzima ina makala moja tu kuhusu homa hii. Imeandikwa na daktari wa kwenu."

"Inasemaje?" aliuliza Mheshimiwa kwa matumaini.

"Inahusu unga."

Walimrudisha. Gari la wagonjwa lilimteremsha Kisukwa asubuhi, mbele ya zahanati, akiwa amepungua hata pete zinamvuka. Hapakuwa na chumba cha watu maalumu, kwa sababu kilikuwa katika nusu ile nyingine, kwa hiyo akawekwa wodini pamoja na wakulima. Kitanda cha jirani alilala Siwema, rafiki ya marehemu Bi Mwashamba, ambaye naye sasa magoti yalikuwa yamemshika. Siwema alimtazama Waziri kwa muda, akageukia ukutani.

Zawena alikuja akasimama miguuni pa kitanda.

"Daktari," Mheshimiwa alisema, "naomba dawa."

"Dawa ninaijua, Mheshimiwa. Haijatengenezwa. Unahitajika mtambo, wafamasia, na magome ya kutosha."

"Inahitaji nini tena?"

"Nusu ya pili."

Mheshimiwa aliomba kalamu. Wasaidizi wake wakakimbia, simu zikalia, akasaini amelala, akasaini vitu ambavyo hata havikuombwa. Fedha za magari zilihamishwa. Fedha za Siku ya Pengo zilihamishwa. Kiwanda cha taifa cha maji ya chupa ya makongamano kikageuzwa cha dawa. Kabla wali wa mchana haujaepuliwa, pengo lililowashinda mawaziri, wataalamu na wajumbe wa akiba kwa miaka yote ile lilikuwa limezibwa. Wakulima walisikia habari hiyo wakiwa vitandani wakaangaliana. Kumbe ilikuwa kazi ya asubuhi moja.

Dawa ikatengenezwa, ikafika bondeni katika masanduku. Mheshimiwa akafungua mdomo kabla sanduku halijafunguliwa.

"Bado," Zawena alimwambia. "Hii haijapata kupewa binadamu. Kuna kanuni kwamba kiongozi wa umma asipewe dawa isiyofanyiwa utafiti. Umeiweka mwenyewe."

"Basi nifanyiwe huo utafiti."

"Karibu sana. Utafiti una makundi mawili."

Mheshimiwa alifumba macho, lakini safari hii fikra hazikutaka kubaki.

Bondeni Kisukwa, maji ya mfereji hugawanywa kwa kura ya maharage. Chungu hufunikwa kitambaa, kila mkulima huingiza mkono. Atakayetoa jekundu hufungulia maji kwanza, atakayetoa jeupe husubiri, na habishi mtu, hata kama aliyetangulia ni hasimu wake. Kwa kura hiyo hiyo Zawena aliwagawa wagonjwa. Rangi ipi ni dawa na ipi ni unga alijua mfamasia wa kiwandani peke yake. Chungu kikazungushwa. Siwema akatoa jeupe. Mheshimiwa akaingiza mkono, akatoa jeupe, akaomba apige kura mara ya pili kama alivyozoea. Akakataliwa kwa adabu.

Kila asubuhi alimwuliza Zawena, "Dada yangu, niambie. Mimi ninakunywa nini?"

"Sijui, Mheshimiwa."

Ilikuwa kweli, hakujua, na alifurahi kutojua. Alipenda jinsi mtu yule alivyokitazama kidonge kabla ya kukimeza, akikigeuza, akikinusa. Mama yake hakunusa chake. Mama alijua.

Haukupita muda, magoti ya wenye maharage mekundu yakapoa. Wakasimama, wakashika kingo za vitanda, wakafika mlangoni, na jioni moja wawili wao wakaenda kuangalia majaruba yao bila ruhusa. Zawena alijifungia maabara akalia kwa sauti. Dawa ilifanya kazi. Wenye maharage meupe walibaki kama walivyokuwa. Sheria ya utafiti hapo ni nyepesi, kwamba jambo likishadhihirika, kila mtu apewe dawa mara moja. Zawena akapiga simu kiwandani kuagiza mzigo wa pili.

Kiwanda kilikuwa kimerudi kwenye maji ya chupa.

Maelezo yaliletwa na Bwana Pondeka mwenyewe, ambaye sasa alikuwa Kaimu Waziri, na aliyekuja na kikapu cha matunda. Aliketi kando ya kitanda cha mkubwa wake.

"Mheshimiwa, shikamoo. Tumekaa tukatafakari. Pengo lilizibwa kwa pupa. Wizara ilikuwa inakosa kazi, madereva wanalia. Kwa maslahi ya taifa nimelifungua tena, kwa muda."

"Pondeka," alisema Mheshimiwa Ngaluma. Sauti haikuwa ya upole tena, ilikuwa ndogo. "Mimi niko kundi la unga. Nitakufa."

"Ndiyo, Mheshimiwa, hilo tumelizingatia. Litaitwa Kongamano la Kumbukumbu yako." Alimmenyea ndizi moja, akaiweka juu ya shuka, akaondoka kuwahi posho.

Baada ya gari lake kuondoka Chiku alihesabu sandukuni. Mzee mmoja mwenye harage jekundu alikuwa amefariki kabla ya kumeza kidonge cha kwanza, na fungu lake lilikuwa limebaki. Fungu la mtu mmoja. Wodini walikuwa wamelala wote wenye maharage meupe, wanajua kila kitu, maana Bwana Pondeka hakuwa na desturi ya kusema kwa sauti ya chini.

"Tufanyeje, daktari?" aliuliza Chiku.

"Lete chungu."

Wakaweka jekundu moja, meupe ya kutosha. Zawena alikishika chungu mwenyewe. Alianzia mlangoni, akapita kitanda hadi kitanda. Kila mgonjwa aliingiza mkono, akatoa, akatazama, akainamisha kichwa bila ubishi. Alifika kwa Siwema. Siwema alitoa jeupe. Mheshimiwa Ngaluma alikuwa ameshajiinua kwa kiwiko, mkono wake umeshanyooka hewani, vidole vimekunjuliwa tayari. Zawena alipita. Alikwenda kitanda kilichofuata, kwa mpanda mpunga kijana aliyekuwa na mimba ya kwanza, aitwaye Mwanjaa, na Mwanjaa akatoa jekundu.

Mkono wa Waziri bado ulikuwa hewani.

"Daktari, umeniruka," alisema. "Mmefika kwa huyu, mmefika kwa yule. Katikati mmeniacha mimi."

"Ndiyo, Mheshimiwa," alisema Zawena. "Hilo ndilo pengo."

Akaushika ule mkono, akaurudisha taratibu chini ya shuka, kisha akaenda kumnywesha Mwanjaa dawa yake.